Kabla Usharika Haujanunua Chupa: Namna ya Kupima Madai ya Wauza Virutubisho

Na Mratibu wa Miradi, Ofisi ya Dayosisi

Mwezi Machi mwaka jana Ofisi ya Miradi ilipokea barua kutoka usharika wetu mmoja wa mashambani. Ilikuwa barua nzuri, yenye muhuri, sahihi ya mwenyekiti na ya mtunza hazina, na muhtasari wa kikao ukiwa umeambatishwa. Kamati ya Diakonia iliomba kibali cha kutumia shilingi 7,800,000 kutoka fungu la lishe la kikundi cha watu wanaoishi na VVU ili kununua virutubisho. Walitaka chupa 120 za vidonge vya spirulina, chupa 3 kwa kila mwanakikundi, watu 40, kwa miezi mitatu. Bei ya chupa moja ni shilingi 65,000. Fungu hilo lilitolewa na marafiki zetu wa ng'ambo kwa ajili ya chakula.

Ombi hilo lilikuwa na chanzo chake. Wiki mbili kabla ya barua kuandikwa, ilifanyika semina ya afya katika ukumbi wa usharika baada ya ibada ya pili. Walikuja wageni watatu wakiwa na kompyuta, mashine ya kupimia na maboksi ya bidhaa. Aliyewakaribisha ni mama anayeheshimika sana usharikani, kiongozi katika Umoja wa Wanawake, ambaye naye alikuwa amejiunga na biashara hiyo. Watu walipimwa bure. Wanakamati waliona wenzao waliokonda, wakasikia kwamba ipo chupa inayoweza kuwasaidia, wakasukumwa na huruma. Naomba hilo lisisahaulike katika yote nitakayoandika hapa.

Ofisi ilichukua wiki tatu kujibu, na tulilaumiwa kwa kuchelewa. Makala hii inaeleza tulichokifanya katika wiki hizo, kwa sababu tangu wakati huo barua za namna hiyo zimefika kutoka sharika nyingine mbili.

ASILIMIA SITINI YA NINI?

Kipeperushi kilisema spirulina ina protini asilimia 60, zaidi ya nyama, yai na maharage. Hapo kampuni haikusema uongo. Spirulina ni mwani mdogo sana unaokaushwa na kusagwa kuwa unga, na unga huo kweli una protini kiasi hicho. Lakini mtu hali asilimia. Anakula gramu.

Tuliomba kuletewa chupa yenyewe, tukasoma lebo kwa miwani. Kila kidonge kina uzito wa miligramu 500, na matumizi ni vidonge 6 kwa siku. Hiyo ni gramu 3 za unga. Asilimia 60 ya gramu 3 ni gramu 1.8 za protini kwa siku nzima. Yai moja la kuku lina protini kama gramu 6. Kilo moja ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 200.

Chupa ina vidonge 120. Ukimeza 6 kwa siku, inakwisha baada ya siku 20. Kwenye semina watu waliambiwa kwamba chupa moja ni dozi ya mwezi, na barua ya kamati ilihesabu hivyo. Kwa kufuata lebo, miezi mitatu ingehitaji chupa 4 na nusu kwa kila mtu, yaani chupa 180, na gharama ingefika shilingi 11,700,000.

Sasa bei. Shilingi 65,000 kugawanya kwa siku 20 ni shilingi 3,250 kwa siku, kwa gramu 1.8 za protini. Gramu moja basi inagharimu kama shilingi 1,800. Kwa bei za sokoni pale usharikani wiki ile, yai lilikuwa shilingi 500, sawa na kama shilingi 83 kwa gramu ya protini. Maharage yalikuwa shilingi 3,000 kwa kilo, yaani shilingi 15 kwa gramu au pungufu. Mtunza hazina wa usharika, ambaye ni mwalimu mstaafu wa hesabu, alirudia hesabu hiyo mara mbili akidhani tumekosea sehemu ya desimali.

Muuzaji akiambiwa hivyo hujibu kwamba protini siyo hoja, kuna madini, vitamini na vitu vingine. Sawa. Basi na hivyo viandikwe kwa miligramu kwa siku, tuvipime kwa njia hiyo hiyo. Chupa nyingi huorodhesha viungo 10 au 15 kwa majina mazuri, kisha huandika uzito wa mchanganyiko wote kwa pamoja, bila kusema kila kimoja ni kiasi gani. Pasipo na kiasi hapana cha kupima, na kamati isinunue kitu cha namna hiyo kwa fedha ya watu.

Hapa ni lazima nikiri jambo. Kikundi cha akina mama kinachosimamiwa na ofisi yangu kilikuwa kinauza unga wa majani ya mlonge, na lebo yake, iliyochapwa kwenye printa ya ofisi hii hii, ilisema mlonge unatibu magonjwa 300 na una vitamini na madini mara nyingi kuliko machungwa, karoti na maziwa. Ulinganisho huo unachukua majani yaliyokaushwa na kuyaweka kando ya tunda bichi lililojaa maji. Ukikausha mboga yoyote, kila kilichomo kinaonekana kimeongezeka, kwa sababu maji yametoka. Tena hulinganishwa gramu 100 kwa gramu 100, wakati hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku. Mlonge ni mboga nzuri. Lebo tuliiondoa.

CHUMA KISICHO CHUMA CHOTE

Jambo moja la kitaalamu huwachanganya hata wasomi. Madini hayawekwi kwenye kidonge yakiwa peke yake, bali yakiwa yameungana na kitu kingine. Kidonge cha kuongeza damu cha ferasi salfeti chenye miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65 tu. Kalsiamu kaboneti ya miligramu 1,250 ina kalsiamu miligramu 500. Kampuni moja ikiandika uzito wa mchanganyiko na nyingine ikaandika uzito wa madini yenyewe, ya kwanza itaonekana ina nguvu maradufu au zaidi, kumbe wanauza kitu kile kile. Ulizeni ni uzito wa nini.

Na wingi si lazima uwe heri. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Wale waliopewa vidonge vya beta-karotini, ile inayotia karoti rangi, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Walitarajia kinyume chake. Vivyo hivyo vitamini A nyingi kupita kiasi ni hatari kwa mama mjamzito, kwani inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

MIHURI NA VYETI

Kwenye boksi tulikuta alama nne. Tulizichukua moja moja.

Ya kwanza ilisema bidhaa imeidhinishwa na FDA ya Marekani. Mamlaka hiyo haiidhinishi virutubisho kabla havijauzwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaviweka upande wa chakula, na ni jukumu la kampuni yenyewe kuhakikisha usalama na ukweli wa lebo. FDA huingilia baadaye, tatizo likionekana. Kinachoweza kuwapo ni kwamba kiwanda kimesajiliwa FDA, jambo ambalo viwanda vyote vya chakula vinavyouza Marekani vinatakiwa kulifanya, kiwe cha biskuti au cha vidonge. Kusajiliwa siyo kuidhinishwa. Tena sheria hiyo hiyo inaitaka kampuni inayodai faida za kiafya iandike kwenye chupa kwamba madai hayo hayajapimwa na FDA, na kwamba bidhaa haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Tuliyakuta maneno hayo kwa herufi ndogo sana chini ya lebo. Kwa hiyo chupa ilikuwa inakanusha kwa Kiingereza yale ambayo semina ilitangaza kwa Kiswahili.

Alama ya pili ilikuwa ISO 9001. Hiyo hueleza kwamba kampuni inafuata utaratibu fulani wa uendeshaji. Haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kidonge. Ya tatu ilikuwa halali, ambayo ina maana yake kwa wanaoihitaji, lakini siyo cheti cha tiba.

Ya nne ilikuwa namba ya TFDA. Wasomaji wengi bado wanalitumia jina hilo, lakini tangu Julai 2019 mamlaka hiyo imekuwa TMDA na inashughulikia dawa na vifaa tiba, na kazi ya kusimamia chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Anayeonyesha karatasi ya TFDA leo anaonyesha karatasi ya kabla ya mabadiliko hayo. Aombwe usajili wa sasa, na namba yake ihakikiwe TBS au TMDA kabla fedha haijatoka. Na hata usajili huo ukiwapo, maana yake ni kwamba bidhaa inaruhusiwa kuuzwa. Haumpi muuzaji ruhusa ya kusema inaponya kisukari.

Zipo alama ambazo tungezipa uzito zaidi. Muhuri wa USP au wa NSF, kwa bidhaa za Marekani, unaonyesha kwamba chombo kisicho cha kampuni kimepima na kukuta kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kampuni hujipeleka huko kwa hiari na kwa gharama yake. Hata hivyo muhuri huo nao unathibitisha kilichomo tu, hauthibitishi kwamba kitamponya mtu.

UTAFITI WA DAR ES SALAAM

Kipeperushi kilitaja kwamba utafiti uliofanyika Dar es Salaam umethibitisha virutubisho huwasaidia watu wenye VVU. Hili lilitusumbua kuliko mengine, kwa sababu utafiti huo upo kweli na ni wa heshima.

Ulichapishwa mwaka 2004. Wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU walifuatiliwa jijini Dar es Salaam, na wale waliopewa vitamini za kundi B pamoja na C na E walichelewa kuzidiwa na ugonjwa. Walipoongezewa vitamini A, faida ilipungua. Zingatieni mambo mawili. Zilikuwa vitamini za kawaida, wala siyo spirulina. Na wanawake wale walifuatiliwa wakati ambao dawa za kufubaza VVU zilikuwa bado hazijawafikia watu wengi hapa nchini.

Kipeperushi hakikutaja utafiti wa pili wa hapo hapo Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2012. Safari hii wagonjwa 3,418 walikuwa wanaanza dawa za kufubaza. Wengine walipewa vitamini nyingi kwa kiwango cha juu, wengine kiwango cha kawaida. Kiwango cha juu hakikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kuendelea, na vipimo vya damu vilionyesha dalili za ini kusumbuka zaidi kwa waliopewa kingi. Utafiti ulisimamishwa mwaka 2011 kabla ya muda wake. Kikundi chetu kinafanana na watu wa utafiti huu wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo kila kamati ya diakonia inapaswa kulijua. Kidonge cha TLD wanachomeza sasa WAVIU wengi kina dawa iitwayo dolutegravir. Dawa hiyo ikimezwa na mtu asiyekula kitu, pamoja na vidonge vyenye kalsiamu au chuma, mwili huifyonza kidogo tu. Maelekezo ya kawaida ni kumeza TLD saa 2 kabla ya virutubisho hivyo au saa 6 baada yake, au kuvimeza pamoja wakati wa kula chakula. Dawa za kupunguza asidi tumboni zenye magnesi au alumini nazo zinatakiwa kutengwa kwa saa hizo hizo, na hapo chakula hakisaidii. Kwenye semina hakuna aliyeuliza mtu anatumia dawa gani. Muuguzi wa kliniki ya CTC alipokaa na kikundi kwa ombi letu, aligundua kwamba wawili walikuwa wanameza vyote kwa pamoja asubuhi kabla ya chai, na mmoja alikuwa ameacha TLD kwa siku 19 ili, kwa maneno aliyoambiwa, mwili upumzike na kemikali. Siku hizo 19 ndizo zilizotufanya tuamue kuandika makala hii.

Sisemi kwamba virutubisho vyote havifai. Vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa mama mjamzito kliniki ni virutubisho. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya miezi sita ni virutubisho. Vinatolewa kwa watu wanaojulikana kuvihitaji na kwa kiasi kinachojulikana, na mzazi halipi kitu.

USHUHUDA NA MASHINE

Sisi watu wa kanisa tumezoea kuheshimu ushuhuda. Mtu akisimama mbele na kusema alikuwa hivi na sasa yuko hivi, hatumhoji. Semina za mauzo zinaijua tabia hiyo. Lakini ushuhuda wa bidhaa una maswali yake, nayo siyo utovu wa adabu. Mwezi huo huo alianza dawa gani nyingine? Nani alimpima kabla na baada? Anapata pointi nikinunua?

Kuhusu mashine, niliomba nami nipimwe. Unashika kifimbo cha chuma, kijana anajaza umri, uzito na jinsia kwenye kompyuta, na baada ya dakika mbili zinatoka kurasa zaidi ya 30. Hakuna tone la damu wala la mkojo lililochukuliwa. Mara ya kwanza nilikuwa na upungufu wa kalsiamu na figo zilizochoka. Niliomba nirudie baada ya chakula cha mchana. Yule kijana, kwa haraka, aliacha jinsia ya mama aliyetangulia, na karatasi ikanieleza kwa kirefu hali ya mji wangu wa mimba. Figo zilikuwa zimepona.

BEI INAKWENDA WAPI

Bei kubwa huelezwa kuwa ndiyo dalili ya ubora. Kijitabu cha malipo tulichopewa kilieleza vingine. Mwanachama hununua chupa kwa shilingi 48,000 na kuuza 65,000, na katika hizo 48,000 kuna pointi za aliyemwingiza, za aliyemwingiza huyo, na kuendelea juu ngazi sita. Mgonjwa analipia vidonge, na juu yake analipia mlolongo wa watu ambao hatawaona. Kuuza kwa faida siyo dhambi, hata duka la usharika linauza kwa faida. Lakini bei hiyo haiwezi kutumika kama ushahidi wa kilichomo ndani.

Tena wauzaji wenyewe mara nyingi ndio wanaoumia. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife ilikubaliana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake, baada ya tume kudai kwamba watu walipotoshwa kuhusu kipato watakachopata. Mwaka uliofuata hundi zilitumwa kwa watu karibu 350,000 waliopoteza fedha. Sisi tunakumbuka DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, na namna lugha ya kupanda na kuvuna ilivyoingia hadi makanisani.

Kwa marafiki zetu wanaotutembelea, neno moja kwa heshima. Masanduku ya vitamini mnayotuletea tunayapokea kwa shukrani, lakini baadhi yamefika yakiwa yamebakiza wiki chache kabla ya kuisha muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka angalau mwaka mmoja ubaki baada ya kufika nchini, nasi tunaomba kipimo hicho kitumike hata kwa vitamini. Gharama ya sanduku moja la ndege hununua maharage mengi.

TULIVYOAMUA

Tulikwenda usharikani siku ya Jumamosi, tukakaa na kamati kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Yule mama alikuwapo. Baada ya hesabu za mayai na maharage kuandikwa ubaoni aliuliza, "Baba Mratibu, unataka kusema mimi ni mwongo?" Nilimjibu kwamba hapana, aliyosema ndiyo aliyofundishwa, na waliomfundisha hawakuwapo kwenye kikao. Sina hakika kama jibu hilo lilimtosha.

Ombi lilikataliwa. Kamati ilileta bajeti nyingine kwa fedha ile ile: maharage, dagaa, mayai mara tatu kwa wiki, na mbegu za mboga kwa wenye nafasi ya bustani, kwa miezi sita badala ya mitatu. Afisa lishe wa wilaya huwapima uzito wanakikundi kila mwezi. Yule aliyeacha dawa amerudi CTC.

Fomu yetu ya maombi sasa ina ukurasa mmoja zaidi. Usharika unaotaka kununua kirutubisho chochote utaambatisha picha ya lebo nzima, namba ya usajili wa sasa, kiasi cha kila kiungo kwa siku, gharama kwa mtu kwa siku, na maoni ya mhudumu wa afya anayewatibu walengwa. Aidha kila mjumbe atasaini kama yeye au ndugu yake anapata pointi katika mauzo hayo. Semina za afya ukumbini zinahitaji kibali cha mchungaji kiongozi, naye ameombwa kumwalika mhudumu wa zahanati akae mstari wa mbele.

Lipo lililobaki. Yule mama alijiunga na biashara kwa mkopo wa VICOBA wa shilingi 900,000, na muda wa kampuni kupokea bidhaa zilizorudishwa ulikuwa siku 30 tu, ulishapita. Kamati ilimwombea VICOBA aongezewe muda, ikakubaliwa. Hadi tunakwenda mitamboni amebakiza marejesho ya miezi minne, na chupa 11 ziko kabatini kwake. Muda wake unaisha Novemba.